Behewa la Mizigo na Mikono Iliyolipakia



Ni desturi ya taarifa hii, baada ya hesabu za fedha na orodha ya misaada waliyopewa wajane na wagonjwa, kuacha kurasa chache kwa mambo ya kale. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuandike habari za reli, kwa kuwa chama chetu kilizaliwa kando ya reli. Lakini hatutaandika juu ya mtambo wa kuvuta, ambao sifa zake zimekwisha kusemwa sana. Tutaandika juu ya behewa la mizigo, lile gari la kuvutwa nyuma, lenye mlango wa kusukumwa ubavuni, ambalo baadhi yenu mlilipakia na sisi wengine tulilelewa kwa mishahara ya waliolipakia.

Sababu ya kulichagua ni safari tuliyofanya pamoja na wazee wanne kwenda kutazama Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Tulisimama mbele ya Mount Gelai, mmojawapo wa mitambo 34 ya aina ya Garratt iliyotengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila mmoja ulipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na uzito wake ni tani 252. Tulioneshwa pia behewa la abiria ambamo Bwana Ryall, mkubwa wa polisi ya reli, alinyakuliwa na simba usiku huko Kima, Juni 1900. Watu wote husimama hapo. Nasi tulisimama. Ndipo mzee mmoja wetu, aliyeingia karakana ya kutengeneza mabehewa kabla ya Uhuru akiwa kijana, akasema kwa sauti ya chini, "Maskini Bwana huyu, aliliwa usiku mmoja. Sisi magunia yalitula miaka yote." Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana alikuwa amesema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiri.

Na tulifikiri sasa. Reli ilianza kulazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuwa Nairobi mwezi Mei 1899, na ziwani Kisumu Desemba 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Kabla ya hapo mizigo ya bara ilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kila mtu frasila mbili au karibu yake. Piga hesabu: behewa dogo la kuchukua tani kumi lilibeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 300. Msafara mzima wa watu, pamoja na chakula chao, maradhi yao na makaburi yao ya njiani, uliingia ndani ya sanduku moja la mbao na chuma lenye magurudumu manne. Yafaa tulikumbuke jambo hilo kwa shukrani, maana upagazi haukuwa kazi ya kutamaniwa.

Ila mzigo haukupanda ndani wenyewe. Kwa miaka mingi kazi za reli zilipangwa kwa rangi: Wazungu juu, Wahindi katikati kama makarani, mafundi na wakubwa wa stesheni, na Mwafrika chini, penye gunia. Pamba ya Uganda, kahawa, mahindi, ngozi, magadi, vyote vilipita mikononi mwa watu ambao majina yao hayamo katika bamba lolote la shaba. Januari 1947 watu hao wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine, waliacha kazi kwa siku kadhaa kudai mshahara wa kumtosha mtu, na mji wote ukahisi ni nani hasa aliyekuwa akiuendesha.

Katika sanduku la chama limo daftari la kwanza kabisa, limeliwa na mende pembeni. Ukurasa wake wa tatu una mchango wa senti na shilingi kutoka kwa watu wa mtaa mmoja wa nyumba za wafanya kazi, kwa ajili ya mazishi ya mwenzao aliyebanwa kati ya mabehewa mawili alipokuwa akiyaunganisha. Nauli ya mkewe na watoto kurudi kwao imeandikwa chini yake, kwa wino mwingine. Haikuandikwa kama alilipwa chochote na waliomwajiri. Chama hiki kilianza kwa sababu ya ukurasa huo. Kila msaada ulioorodheshwa mwanzoni mwa taarifa hii ni mjukuu wake. Hivyo tulipotoka makumbushoni tuliulizana: ikiwa mtoto wa shule atataka kuona kile kitu kilichotuleta pamoja, aoneshwe nini?

Mabehewa ya namna ile yamepotea upesi kuliko tulivyodhani, na sababu yake ilianzia mbali. Mwaka 1926 reli moja ya umeme kati ya miji ya Chicago na Milwaukee, Marekani, ilianza kupandisha matela ya malori juu ya mabehewa bapa, ili mzigo usipakuliwe na kupakiwa upya kila unapotoka barabarani kuingia relini. Reli ile ilifungwa Januari 1963, lakini wazo lake halikufa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya chuma juu yake, na leo masanduku hayo, ndiyo makontena, yamejaa Kilindini. Tangu Januari 2018 yanapandishwa kwenye treni za reli mpya na kuletwa Embakasi bila mkono wa mtu kugusa kilichomo. Hatulaumu: hakuna mama anayetamani mwanawe abebe magunia. Lakini behewa lenye mlango wa ubavuni halina kazi tena, na chuma kisicho na kazi hutafutwa na mwenye mizani. Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa ajili ya uharibifu wa nguzo za umeme na reli. Marufuku yalipoondolewa, mizani ilirudi.

Huko huko Marekani tulisoma habari iliyotutia moyo. Mwaka 1953 watu kumi walitoa dola 100 kila mmoja wakanunua gari moja kuukuu la reli ya umeme ambalo lingevunjwa. Hayo ndiyo makumbusho ya reli ya Illinois, ambayo tangu 1964 yako katika mji mdogo wa Union, nayo sasa yana mitambo na mabehewa mengi mno, ya abiria na ya mizigo pia. Kazi hufanywa na watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, siku zao za mapumziko. Wanachama wataona kwamba watu kumi kutoa kiasi sawa kila mmoja si jambo geni kwetu.

Baada ya hayo mzee wetu alitupeleka mahali penye behewa lililoachwa katika njia ya kando ya stesheni ndogo, ambayo hatutaitaja ili mwenye mizani asisome taarifa hii. Tulikuwa na haraka ya kijana: tulidhani mtu hununua rangi akaanza kupaka. Alitukemea. Alisema rangi ni kazi ya mwisho, na kwamba behewa lililopakwa rangi juu ya kutu ni maiti iliyovikwa kanzu mpya.

Kwanza, alisema, ni kutazama na kuandika. Kila bamba, kila nati, kila namba iliyopigwa juu ya chuma iandikwe na kupigwa picha kabla ya kuondolewa, maana kilichofunguliwa bila kuandikwa hakirudi mahali pake. Kisha alituonesha mahali pa kuanzia: sakafu. Sakafu hufa kabla ya kuta, kwa sababu chumvi, sukari na maji ya ngozi mbichi hudondoka hapo miaka nenda miaka rudi, na chini yake mchwa hupanda kwa njia ya magurudumu. Mbao mpya ziwe za mti mgumu kama mvule, na zikaushwe kivulini. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao yenye maji ikipigiliwa leo, mwakani itajikunja na kung'oa misumari. Basi mwenye kutaka kutengeneza behewa na anunue mbao zake kabla ya kitu kingine chochote, kisha asubiri akifanya mengine.

Kutoka sakafuni alishuka chini, akajikunja kwa taabu penye gurudumu, akafungua kifuniko cha kisanduku cha mafuta kilicho mwisho wa ekseli. Ndani mlikuwa na vumbi na kiota cha panya. Alitueleza kwamba humo ekseli huzunguka chini ya kipande cha madini laini meupe, na nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta hukaa chini yake zikiilainisha. Nyuzi zikikauka, ekseli hupata moto, madini huyeyuka, na behewa huweza kushika moto au ekseli kukatika njiani. Kazi yake ya kwanza akiwa kijana ilikuwa kupita kando ya treni iliyosimama akigusa kila kisanduku kwa mgongo wa mkono. "Mgongo," alisema, "si kiganja. Kiganja cha mpakiaji hakisikii kitu tena."

Juu ya breki alizungumza muda mrefu, na hatukuelewa yote. Za kale, katika reli nyingi za dola ya Uingereza, zilikuwa za kunyonya hewa: mtambo ulivuta hewa kutoka katika bomba lililopita chini ya mabehewa yote, na maadamu bomba lilikuwa tupu, breki zilikaa zimeachia. Bomba likikatika, hewa ya nje huingia na breki hujifunga zenyewe. Twaona ni busara kubwa, kwamba kitu kikiharibika kisimame badala ya kukimbia. Mipira ya breki hizo huoza kwanza, kwa hiyo hata behewa lisilotazamiwa kutembea tena lahitaji mipira mipya ikiwa mtu ataka kuwaonesha watoto jinsi lilivyosimama.

Ribiti ndizo zilizoleta mabishano. Kijana mmoja wetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alisema ni rahisi kutia bolti. Mzee alikubali kwamba ni rahisi. Kisha akaeleza jinsi ribiti ilivyotiwa: huchomwa mpaka iwe nyekundu, hupenyezwa tundu, mmoja huishikilia kwa chuma kizito upande huu na mwingine huipiga nyundo upande ule, ikipoa hujivuta, na mabamba mawili hukazana kuliko mkono wowote uwezavyo kukaza. Kazi hiyo ni ya watu wanne wanaoelewana bila kusema. Wa kikundi chake amebaki yeye peke yake. Mchomeleaji aliuliza kama anaweza kufundishwa, na mzee akajibu kwamba anaweza, ila upesi.

Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye shida yote. Chuma chaweza kungoja; kimekwisha kungoja miaka. Mbao hukauka kwa wakati wake. Lakini ustadi wa kugusa kisanduku kwa mgongo wa mkono, na wa kusikia kwa mlio wa nyundo kwamba ribiti imelegea, haumo katika kitabu chochote tulichokiona, na walio nao hatuwezi kuwaambia wangoje hata mchango utimie. Kwa hiyo Halmashauri imekubali jambo dogo kwanza: kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya mkutano, karani atakaa na wazee waliofanya kazi za karakana, za kupakia na za kuunganisha mabehewa, awaandike kwa maneno yao wenyewe. Mchomeleaji naye amekwisha kuanza kwenda kwa mzee jioni. Habari za kuliomba behewa lenyewe kwa wenye mamlaka, na za gharama zake, zitaletwa mbele ya mkutano mkuu, ambapo wanachama watakuwa huru kukataa.

Kabla ya kuondoka siku ile tuliomba tukwangue kidogo penye ubavu wa mlango. Mzee aliturudisha nyuma: rangi za kale zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hivyo ilibidi tulowanishe kwanza na kufunga vitambaa puani. Reli yetu imebadili jina mara kadhaa: ilikuwa Reli ya Uganda, ikawa ya Kenya na Uganda mwaka 1926, ya Afrika Mashariki mwaka 1948, na Reli ya Kenya mwaka 1978 baada ya Jumuiya kuvunjika, na kila jina lilikuja na mpaka rangi wake. Tulipokwangua tabaka la juu zikatokea herufi mbili, E na A, nusu zimeliwa. Mzee alizitazama, akasema huenda hizo alizipaka mtu waliyekaa naye chumba kimoja. Akatuamuru tupake mafuta kidogo mahali tulipokwangua ili kutu isiingie. Hatukuwa na mafuta. Tulikwenda kuyaomba kwa fundi wa pikipiki penye barabara, tukarudi tukayapaka, na jua lilikuwa linatua.