Kusinzia, kulala au kupitiwa? Msamiati wa usingizi wa mchana

MLINZI anayekutwa amefumba macho langoni saa nane za mchana anaweza kujitetea kwa njia tatu: kwamba alisinzia, alijilaza au alipitiwa na usingizi. Mwajiri huenda akayaona yote kuwa visingizio. Katika Kiswahili sanifu, hata hivyo, hayo ni maelezo matatu tofauti.

Neno lenye maana pana zaidi ni kulala. Hubeba dhana ya kunyoosha mwili na vilevile ya kutwaliwa na usingizi. Ndiyo sababu mgonjwa hulazwa hospitalini hata kama hajapata usingizi wowote. Kujilaza ni kunyoosha mwili kwa hiari. Kupumzika, kitenzi chenye uhusiano na pumzi, ni kuacha kazi ili nguvu zirejee. Viwili hivi vya mwisho havithibitishi kwamba aliyehusika aliwahi kupata usingizi.

Kusinzia ni kulemewa na kope, kichwa kikiinama na kuinuka, na aghalabu humpata mtu akiwa ameketi. Hali iliyo baina ya kulala na kuwa macho, ambapo sauti husikika lakini maana yake haishikiki, huitwa mang'amung'amu.

Lepe nalo ni usingizi mchache sana. Hutumiwa zaidi katika ukanushi, kama vile kusema kwamba mama wa mgonjwa hakupata hata lepe la usingizi. Kinyume chake ni kulala fofofo, au kulala kama pono, samaki anayesifika kwa usingizi mzito.

Jambo la kuzingatiwa ni nani mtendaji. Anayeuchapa usingizi ametenda kwa kukusudia. Lakini anayeshikwa, anayechukuliwa au anayepitiwa na usingizi ametendwa. Usingizi ndio uliomjia. Kwa hivyo mwandishi anayeripoti kwamba dereva "alilala" kabla ya ajali hajasema sawa na yule anayeandika kwamba dereva huyo "alipitiwa na usingizi". Wa kwanza ameacha nafasi ya kudhaniwa kwamba dereva alitaka kulala.

Usingizi mfupi wa mchana unaokusudiwa una jina lake pia. Miongoni mwa Waislamu huitwa kailula, neno la asili ya Kiarabu. Mapumziko ya wakati huo ni ya tangu jadi: Kurani, katika Sura ya An-Nur aya ya 58, inataja adhuhuri, watu wanapovua nguo zao, kuwa mojawapo ya nyakati tatu ambazo watumishi na watoto wanapaswa kuomba ruhusa kabla ya kuingia.

Wahispania huuita siesta, neno lililotokana na Kilatini kwa maana ya saa ya sita. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, hivyo saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani kwake adhuhuri ingali saa sita.

Sayansi haiuoni usingizi huo kuwa uvivu. Katika uchunguzi wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, uliochapishwa mwaka wa 1994, marubani wa safari ndefu waliopewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu walilala kwa wastani wa dakika 26, na baadaye wakawa makini kuliko wenzao ambao hawakupumzika. Anayelala kwa muda mrefu zaidi mchana huweza kuamka na mawenge, yaani akili iliyozubaa kwa muda kabla ya kutulia.

Nchini Kenya, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinahesabu kupuuza kazi kwa makusudi kuwa sababu ya kumfuta mtu mara moja. Kifungu cha 41 nacho kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma zake katika lugha anayoielewa, na kumsikiliza kabla ya kuamua.

Hapo ndipo uzito wa msamiati huu unapodhihirika. Baina ya kuuchapa usingizi na kupitiwa nao pana neno makusudi, na anayeandika taarifa ya mlinzi huyo hana budi kuandika kitenzi alichokitamka mwenyewe.