Zuzi anapochaguliwa, sisi tunakuwa wapi?



Kuna rafiki waliniuliza: wewe mtu wa kilimo, mambo ya mazuzi yanakuhusu nini? Jibu langu ni fupi. Kesi kubwa kuliko zote za kilimo katika inchi yetu, ile ya Bukanga-Lonzo, haikuamuliwa shambani wala wizarani. Iliamuliwa na Korti ya Katiba. Na korti ile ilitoa majibu mawili yasiyofanana, kadiri watu waliokaa mbele walivyobadilika. Nitarudi kwa kesi hiyo. Kwanza ninataka tupite pamoja katika historia moja ambayo hatukufundishwa sana: zuzi mpya anapoingia katika korti ya juu ya inchi, raia wanasema nini, na wanasema siku gani?

Wazo langu ni hili. Kwa muda mrefu tumepiga kelele siku ya hukumu, wakati zuzi amekwisha kukaa kitini. Na mara moja tulipopiga kelele kwa wakati wake, mwaka 2020, wengi wetu tulisimama nyuma ya kambi, si nyuma ya sheria.

2006: MOTO UNAWAKA GOMBE

Tarehe 21 mwezi wa 11 mwaka 2006, Korti Kuu ilikuwa ikisikiliza malalamiko ya Jean-Pierre Bemba juu ya uchaguzi wa raisi. Wafuasi wake walikuwa inje. Risasi zililia, na sehemu ya jengo la Korti pale Gombe ikawaka moto. Siku sita baadaye Korti ilikataa malalamiko na kumtangaza Joseph Kabila mshindi kwa 58,05 kwa mia, Bemba 41,95.

Watu walikasirikia mazuzi. Lakini jiulize: nani kati yetu, hata leo, anaweza kutaja jina la zuzi mmoja tu wa siku ile? Nani alimuchagua, na lini? Hasira ilikuwa kubwa, lakini ilifika wakati ugali umekwisha kupakuliwa.

2011: MAZUZI 18 KATIKATI YA KAMPENI

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 iliahidi korti mpya, Korti ya Katiba. Lakini miaka ilipita bila kuiunda, na Korti Kuu ikaendelea kushika nafasi yake. Njo maana mwaka 2011 ni Korti Kuu tena iliyongojewa kuamua juu ya uchaguzi. Kampeni ilikuwa imeanza wakati Raisi Kabila alipoweka mazuzi wapya 18 ndani yake. Upinzani ulilalamika, mashirika ya raia yalilalamika, lakini barabarani watu walikuwa na mambo mengine: mikutano, nyimbo, fulana za wagombea. Uteuzi ule ulipita kama habari ndogo.

Mwezi wa 12, Korti ilithibitisha matokeo: Kabila 48,95 kwa mia, Étienne Tshisekedi 32,33. Tshisekedi mzee hakupeleka hata karatasi moja kortini. Vital Kamerhe njo aliyeenda kulalamika, akakataliwa. Tarehe 23, mzee alijiapisha mwenyewe kwake Limete. Mutu ambaye haamini mazuzi anatafuta kiapo chake pengine. Tukumbuke hilo, litarudi.

SHERIA INASEMA NINI

Korti ya Katiba ilipata mazuzi wake wa kwanza mwaka 2014, wakaapa mwaka 2015. Wako tisa. Wote wanateuliwa na Raisi wa Jamhuri, lakini hawatoki mfuko mmoja: watatu Raisi anawachagua mwenyewe, watatu wanatolewa na Bunge na Seneti wakikaa pamoja, watatu wanatolewa na Baraza Kuu la Mahakimu. Kila mmoja anakaa miaka tisa, hawezi kurudishwa. Kila miaka mitatu, watatu wanaondoka kwa tombola, mmoja katika kila kundi, na wengine wanaingia.

Wale waliotunga mpango huo hawakuwa wajinga. Walitaka hata raisi mmoja asiweze kuijaza korti na watu wake kwa siku moja. Na sheria ya mwaka 2013 inayopanga kazi ya korti iliongeza jambo moja: mbele ya kuanza kazi, zuzi anaonyeshwa kwa taifa, mbele ya Raisi, Bunge, Seneti na Baraza la Mahakimu, na pale anakula kiapo.

Hapo njo pana shimo. Taifa linaonyeshwa zuzi wakati amekwisha kuteuliwa. Kati ya siku jina linasikika na siku ya kiapo, hakuna kikao cha wazi ambamo anaulizwa maswali mbele ya raia: umeandika nini, umehukumu nini, una deni gani kwa nani? Inchi zingine wana kikao cha namna hiyo. Kenya, kwa mfano, tangu Katiba yao ya 2010, wanaotaka kuwa mazuzi wa korti ya juu wanaulizwa maswali mbele ya televisheni, na raia wanaruhusiwa kuleta maoni yao. Haiondoi siasa, lakini mwananchi anakuwa na siku yake. Kwetu mwananchi anangojea RTNC.

2020: SAFARI HII TULISIKIA

Siku ya ijumaa, tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka 2020, wengi wetu tulikuwa nyumbani kwa sababu ya Covid, ma iniversite yalikuwa bado yamefungwa. Kwenye RTNC wakasoma ordonansi nyingi: majenerali wamebadilishwa, mahakimu wamebadilishwa, na mazuzi watatu wapya wa Korti ya Katiba: Dieudonné Kaluba, Dieudonné Kamuleta na Alphonsine Kalume.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Félix Tshisekedi alikuwa raisi tangu mwezi wa 1 mwaka 2019, baada ya korti hiyohiyo kukataa malalamiko ya Martin Fayulu. Lakini Bunge, Seneti na serikali vilikuwa mikononi mwa FCC, kambi ya Kabila. Katika mwezi huo wa 7 watu walikuwa wamekwisha kutembea barabarani juu ya jina la raisi wa CENI. Kwa hiyo masikio yalikuwa wazi. Kwa mara ya kwanza, majina ya mazuzi yaliingia kwenye teksi, kumaketi, kwa wale wabunge wetu wa kusimama wanaosoma magazeti kando ya barabara. Avoka na muuza simu walikuwa wakibishana juu ya sahihi ya pili kwenye ordonansi. Jambo hilo peke yake ni kubwa, tusilidharau.

Maswali ya sheria yalikuwa ya kweli. Kwanza, viti vilikuwa wazi kweli? Kimoja kilikuwa cha Benoît Lwamba, raisi wa korti, aliyetangazwa kwamba amejiuzulu. Vingine viwili vilikuwa vya Noël Kilomba na Jean Ubulu, waliohamishwa kwenda Korti ya Kasasio. Hao wawili waliandika kwamba hawakubali, muda wao wa miaka tisa haujaisha. Pili, ordonansi inatakiwa sahihi ya waziri wa kwanza. Sylvestre Ilunga alikuwa Lubumbashi kwa kazi. Aliyetia sahihi ni Gilbert Kankonde, waziri wa mambo ya ndani, kama mwenye kumshikia nafasi. Waziri wa kwanza alisema alishangaa. Upande wa Raisi walisema yote yalifuata sheria: wale wawili wamepandishwa cheo, na mwenye kushika nafasi ana haki ya kutia sahihi.

Sasa tuwe wakweli: ni wangapi walibishana juu ya maswali hayo mawili? Iniversite ilipofunguliwa tena, nilisikia majadiliano mengi katika auditware. «Aba ni bazuzi ba Fatshi.» «Na bale ba zamani, habakuwa ba Raïs?» Mtu akijua wewe ni wa jimbo gani, alijua jibu lako mbele haujafungua kinywa. Wale ambao 2011 walilia juu ya mazuzi 18, wengi wao 2020 walipiga vigelegele. Na wale ambao 2011 waliona uteuzi ni haki ya Raisi peke yake, 2020 wakawa walimu wa Katiba. Katiba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani anatia sahihi.

Tarehe 21 mwezi wa 10, watatu wale waliapa pale Palais du Peuple. Jeanine Mabunda wa Bunge na Alexis Thambwe Mwamba wa Seneti hawakufika, na wabunge wa FCC nao walikataa. Siku mbili baadaye Raisi alitangaza mashauriano. Tarehe 6 mwezi wa 12 alitangaza mwisho wa ushirika na FCC. Tarehe 10 Mabunda akaangushwa. Mwezi wa kwanza wa 2021, serikali ya Ilunga nayo ikaanguka. Viti vitatu vya korti vilikuwa mlango ambamo serikali nzima ilibadilishwa.

Najua jibu la wengine. Wanasema: bila hatua ile, inchi ingebaki imefungwa, Raisi bila nguvu, na wale mazuzi wa zamani nao hawakuwa malaika, wao njo waliosema mwaka 2016 kwamba Kabila abaki hadi raisi mwingine atakapopatikana. Ninasikia hoja hiyo, na siifanyii mzaha. Watu walikuwa wamechoka. Lakini njia inayomsaidia raisi unayempenda leo inabaki wazi kwa raisi usiyempenda kesho. Kama zuzi anaweza kuondolewa kitini kwa kupandishwa cheo bila kukubali, basi miaka tisa iliyoandikwa katika Katiba inakuwa miaka ya mutu mwingine kuamua.

TURUDI BUKANGA-LONZO

Hekta 80 000, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kinshasa. Ulizinduliwa mwaka 2014, ulipashwa kulisha mji na kuwapa kazi vijana kama sisi wenye lisansi ya agronomia. Mradi ulianguka. Wakaguzi wa fedha za Leta, IGF, walisema zaidi ya milioni 200 za dola hazikwenda pale zilipotakiwa. Matata Ponyo, waziri wa kwanza wa wakati ule, alishitakiwa. Yeye alikana na anakana.

Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 2021, Korti ya Katiba ikiongozwa na Kaluba, mmoja wa wale watatu, ilisema: hatuna uwezo wa kumhukumu mutu ambaye si waziri wa kwanza tena. Mwezi wa 5 mwaka 2022, tombola ilimtoa Kaluba. Mwezi uliofuata, Kamuleta, mwingine wa wale watatu, alichaguliwa kuwa raisi wa korti. Mwezi wa 11 mwaka 2022, korti ilisema: uwezo tunao. Na tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2025 ikamhukumu Matata miaka 10 ya kazi ngumu.

Sisemi jibu gani lilikuwa sahihi. Wenzetu wa sheria watabishana. Ninasema hivi tu: Katiba moja, korti moja, mwaka mmoja katikati, majibu mawili. Tombola ile ya mwezi wa 5, nani aliifuata? Nani aliuliza nani anaingia na nani anatoka? Kwa mwanafunzi wa kilimo ambaye alitumaini kupata stage Bukanga-Lonzo, karatasi ile ya tombola ilikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi za wizara.

NA SASA?

Mwezi wa kwanza mwaka 2024, korti ilithibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi kwa 73,47 kwa mia. Moïse Katumbi na Fayulu hawakwenda kulalamika. Walisema korti haiko huru. Ni maneno karibu yaleyale ya Limete mwaka 2011, lakini yametoka kwenye vinywa vya upande mwingine. Katika inchi ambayo aliyeshindwa haoni faida ya kwenda kortini, anabaki na barabara, na baada ya barabara, wengine wanachukua bunduki. Sisi wa mashariki hatuhitaji kufundishwa hilo.

Sisi wa kilimo tunajua: mbegu unaikagua mbele ya kuipanda. Ukingoja mavuno njo ulalamike, utakuwa na haki, lakini hautakuwa na mahindi.

Kwa hiyo tombola ingine ikifika, ninaomba sisi wenye kusoma tuulize maswali manne, hata kama jina linatoka kwetu, hata kama ni mutu wa jimbo letu ao profesa wetu. Kiti kiko wazi namna gani? Kiti hicho ni cha kundi gani: la Raisi, la Bunge ao la Mahakimu, na kundi hilo lilikaa lini kuchagua? Huyu mutu ana miaka 15 ya kazi inayotakiwa, na katika miaka hiyo aliandika ao alihukumu nini? Na swali la mwisho, ambalo njo gumu: kama raisi ninayemuchukia angefanya uteuzi huuhuu kwa njia hiihii, ningesema nini?

Ukiweza kujibu hilo la nne bila kubadilisha sauti, basi umeanza kuwa raia. Bila hilo, tutaendelea kuwa washabiki, na washabiki wanajua kulia siku mpira umekwisha.