OpenSSL 3

OpenSSL ni maktaba huria ya programu inayobeba kazi ya usimbaji fiche: kufunga ujumbe kwa ufunguo, kuthibitisha cheti cha seva, kutia saini ya kidijitali, na kuendesha itifaki ya TLS inayoifanya anwani ya tovuti ianze kwa herufi https. Mradi wake ulianza Desemba 1998, ukijengwa juu ya SSLeay, kazi ya Eric Young na Tim Hudson. Toleo la 3.0 lilitoka tarehe 7 Septemba 2021, miaka mitatu baada ya 1.1.1. Namba 2 ilirukwa kwa sababu tayari ilikuwa imetumiwa na moduli ya FIPS, ile inayokaguliwa kwa viwango vya serikali ya Marekani. Leseni nayo ilibadilika ikawa Apache 2.0. Orodha ya mambo mapya ni ndefu, na kwa kawaida toleo husifiwa kwa urefu wa orodha hiyo. Makala haya yanashika njia nyingine: toleo la maktaba ya usimbaji lipimwe kwanza kwa chaguo-msingi zake, yaani yale linayoyafanya pale ambapo hakuna mtu aliyeliagiza lolote.

Sababu ya kushika njia hiyo inaonekana vizuri zaidi mbali na maabara, katika miji ya kaunti ya Kajiado, Kenya, kama Gataka na Kitengela, ambako usimbaji hutumika kila dakika bila kutajwa. Mwenye duka la dawa hupokea malipo kwa M-Pesa, mzazi hulipa karo kwa simu, mpangaji hununua tokeni za stima. Simu zao kwa kawaida hazitumii OpenSSL yenyewe. Android ina BoringSSL, tawi lililokatwa na Google mwaka 2014. Lakini seva iliyo upande wa pili mara nyingi inaitumia, tena aliyeisimika hakuichagua. Alichagua Ubuntu, au PHP, au Node.js, na OpenSSL ikaja ndani ya mzigo. Ubuntu 20.04 ilikuja na 1.1.1, Ubuntu 22.04, ya Aprili 2022, ikaja na 3.0. Kati ya hizo mbili msanidi anayehudumia shule moja ya Kitengela amepewa msimamo mpya kabisa kuhusu kilicho salama na kisicho salama, ingawa hakuna aliyemuuliza wala yeye hakuandika mstari mmoja wa ziada.

Msimamo wenyewe ni huu. Toleo la 3.0 liligawa algoriti katika mafungu yanayoitwa provaida. Fungu la kawaida hupakiwa lenyewe. Fungu la mambo ya zamani, lenye MD4, RC4, DES ya kale, Blowfish na wenzao, halifunguki mpaka mtu aliombe kwa jina. TLS 1.0 na 1.1 hazikufutwa, ila saini za SHA-1 zinazozitegemeza hazikubaliwi tena katika kiwango cha kawaida cha usalama, kwa hiyo itifaki hizo hazifanyi kazi bila mtu kushusha kiwango hicho kwa makusudi. Toleo la 3.2, la Novemba 2023, likapandisha kiwango chenyewe kutoka 1 hadi 2, na kwa hatua hiyo katika TLS funguo za RSA zenye chini ya biti 2048 zikawekwa nje. Hakuna kati ya haya kinachoweza kuitwa uvumbuzi. Yote ni milango iliyofungwa, na anayetaka kuufungua mmojawapo sasa lazima aandike kwa mkono wake kwamba anaufungua.

Mfano ulio karibu zaidi na Kajiado unatoka katika Daraja, kiungo cha Safaricom kinachowaruhusu wasanidi kuunganisha mifumo yao na M-Pesa. Kwa malipo yanayotoka kwa biashara kwenda kwa mteja, mwongozo wake unataka nenosiri la anayeanzisha muamala lisimbwe kwa RSA, kwa ujazo (data ya kujazia ujumbe kabla ya kuusimba) wa PKCS#1 v1.5. Katika PHP kazi hiyo hufanywa na openssl_public_encrypt, na ujazo huo ndio chaguo-msingi la amri hiyo, kwa hiyo wengi huupata bila kujua kwamba upo mwingine. Daniel Bleichenbacher alionyesha tangu 1998 kwamba seva inayosimbua ujazo wa aina hii ikijisaliti, hata kwa kutoa ujumbe tofauti tu wa kosa, mshambuliaji anaweza kuifanya imsomee siri kidogo kidogo. Mwaka 2023 Hubert Kario wa Red Hat alionyesha kwamba tofauti ndogo ya muda wa kujibu inatosha, akaliita shambulio hilo Marvin. Jibu la OpenSSL 3.2 lilikuwa la kijanja: ujazo ukiwa mbovu, maktaba hairudishi kosa, hurudisha data ya kubahatisha inayofanana na jibu la kawaida, na mshambuliaji hana cha kupima. Seva yoyote inayosimbua kwa toleo hilo hupata kinga bila mwenye programu kugusa kitu. Hapa nguvu ya chaguo-msingi inaonekana waziwazi, kwa ubaya na kwa uzuri: ndilo lililoeneza ujazo wa zamani, na ndilo lililoutuliza.

Pingamizi zipo, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba anayefungiwa nje huwa ndiye mwenye kifaa duni. Simu za Android za kabla ya 5.0 haziwashi TLS 1.2 zenyewe, na seva ikikataa 1.0, mwenye simu hiyo haoni maelezo yoyote ya kiufundi. Anaona ukurasa haufunguki, basi. Hilo ni kweli na linauma. Hata hivyo kubaki na ya zamani nako kunamfungia mtu nje, tena bila taarifa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kilifika mwisho wa muda wake. Let's Encrypt, watoaji wa vyeti waliokitegemea, walikuwa wamezitafutia simu kongwe njia ya kuvuka siku hiyo. Zilizokwama zilikuwa mashine zenye OpenSSL 1.0.2, ambazo zilikataa vyeti halali kwa sababu toleo hilo lilishikilia mnyororo uliokwisha muda hata pale njia nyingine nzuri ilipokuwepo. Tofauti ni kwamba mlango uliofungwa kwa makusudi unaweza kutangazwa na kuandaliwa, na mwenye seva anayejua wateja wake wana simu za zamani bado anaruhusiwa kuushusha ulinzi kwa jina lake mwenyewe.

Pingamizi ya pili inatoka kwa wasanidi. Node.js 17, ya Oktoba 2021, ilipoanza kutumia OpenSSL 3, miradi mingi ya tovuti ilikataa kujengwa, kwa kuwa webpack, zana ya kufungasha mafaili ya tovuti, ilitumia MD4 kuyapa mafaili alama za utambulisho, kazi isiyo na siri yoyote ndani yake. Dawa iliyosambaa ilikuwa kuongeza maneno --openssl-legacy-provider kwenye amri na kuendelea na maisha. Mtu anaweza kusema kwamba ukali wa namna hii huwazoesha watu kuzima king'ora. Lawama hiyo ina haki yake: MD4 katika kazi ile haikumhatarisha mtu yeyote. Ila maktaba haiwezi kujua kama alama inayoombwa ni ya faili la picha au ya nenosiri, na maneno yale, yakiachwa ndani ya mradi, yanabaki kuwa ushahidi unaosomeka. Atakayeurithi mradi ataona kwamba kuna kitu kililegezwa, jambo ambalo katika 1.1.1 lisingeonekana popote.

Iliyo nzito kuliko zote ni ya tatu, kwamba msimbo mpya huleta matundu mapya. Heartbleed, kasoro iliyofichuliwa tarehe 7 Aprili 2014 na iliyomwezesha mgeni kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja, iliingia na toleo la 1.0.1 la Machi 2012. Waliokuwa wamebaki kwenye 0.9.8 walilala usingizi. Toleo la 3 nalo lilikuwa na siku yake: tarehe 1 Novemba 2022, 3.0.7 ililetwa kuziba kasoro mbili za kusoma majina ya vyeti ambazo hazikuwepo kabisa katika 1.1.1. Basi kwa nini mtu asikae na la zamani? Kwa sababu kukaa kunafaa kwa muda tu ambao la zamani linatunzwa, na 1.1.1 liliacha kupata marekebisho ya bure tarehe 11 Septemba 2023. Tena Heartbleed inaunga mkono hoja ya makala haya. Kasoro ile ilikaa katika nyongeza ya TLS iitwayo heartbeat, ambayo wengi hawakuwa na haja nayo, na ambayo ilikuja ikiwa imewashwa. Kama ingekuja imezimwa, seva chache sana zingeguswa.

Kuna pia wanaosema kwamba wizi wa fedha za simu nchini Kenya hupitia kwa matapeli na laini zilizobadilishwa, na si kwa kuvunja usimbaji. Wanasema kweli, na hata shambulio lililoilemea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Julai 2023 lilikuwa la kuisonga kwa maombi mengi, kitu ambacho OpenSSL haizuii. Lakini matapeli hutumia njia hizo kwa kiasi fulani kwa sababu hii nyingine imefungwa.

Toleo la 3.5, lililotoka 8 Aprili 2025 na litakalotunzwa hadi Aprili 2030, limeurudisha mjadala huu kwa sura nyingine. Limeongeza ML-KEM, ML-DSA na SLH-DSA, algoriti zilizowekewa viwango Agosti 2024 kwa ajili ya siku ambayo kompyuta za kwanta zitaweza kuvunja RSA na funguo za mikunjo kama X25519. La uzito zaidi, mazungumzo ya TLS sasa huanza kwa kutanguliza mseto wa X25519 na ML-KEM-768, bila kuombwa. Gharama inahesabika: ufunguo wa X25519 ni baiti 32, wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184, na mahali penye mtandao dhaifu salamu ya kwanza yaweza kuzidi pakiti moja. Faida yake si kwa muamala wa leo wa shilingi mia mbili. Ni kwa rekodi ya matibabu ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu, ambayo mtu anaweza kuinasa sasa ikiwa imefungwa na kuihifadhi akingoja kifaa cha kuifungulia. Chrome tayari hupendekeza mseto huo kila inapogonga seva. Seva ya Ubuntu 22.04 yenye 3.0, toleo ambalo mradi wenyewe umepanga kuacha kulitunza Septemba 2026, hulipita pendekezo hilo na kukubali X25519 pekee.