Shujaa wa tanzia

Shujaa wa tanzia ni mhusika mkuu wa tamthilia ya tanzia ya Ugiriki ya kale, ambaye huporomoka kutoka hadhi ya juu hadi maangamizi. Katika *Poetiki* (karne ya 4 KK), Aristotle alimweleza kuwa mtu mwenye jina na neema, asiye mkamilifu wala mwovu, anayeponzwa na *hamartia*, yaani kosa zito. Mfano mkuu wa shujaa huyo ni Oedipus, mhusika wa mtunzi Sophocles, aliyemuua baba yake na kumuoa mama yake bila kuwatambua. Katika *Antigone*, tamthilia nyingine ya Sophocles, ukaidi wa mfalme Creon unasababisha vifo vya mwanawe na mkewe. Wahakiki wa baadaye waliichukulia *hamartia* kuwa dosari ya tabia, hasa kiburi. Wataalamu wengi wa sasa huiona kuwa kosa la uamuzi au la kutojua. Anguko la shujaa huamsha huruma na hofu.