Somo la Historia: Jinsi Vijidudu vya Majini Vilivyopewa Koo na Majina

Somo letu la leo la historia halina mfalme wala vita. Ni historia ya majina. Tutaanza na kitu ambacho kila mmoja wenu amekwisha kukitia sufuriani, yaani dagaa.

Ukienda sokoni kununua dagaa, mwuzaji atakuuliza: wa Kigoma au wa Mwanza? Anajua kwamba bei si moja na ladha si moja. Lakini hata ukoo si mmoja. Dagaa wa Kigoma ni wa aina mbili, na wote ni jamaa ya saladini wa baharini. Dagaa wa Mwanza ni wa upande mwingine kabisa, upande wa ningu. Sisi jikoni tumewapa jina moja kwa sababu ni wadogo, hukaushwa, na huliwa na ugali. Jina hilo si kosa, linatosha kwa kazi ya jikoni. Mtaalamu wa viumbe ana kazi nyingine, kwa hiyo hutazama nani amezaliwa na nani.

Mwenye kuongoza darasa aandike ubaoni: Stolothrissa tanganicae. Huyu ni mmoja wa wale dagaa wa Kigoma. Neno la kwanza, lenye herufi kubwa, ni jina la jenasi, yaani nyumba yake. Neno la pili, lenye herufi ndogo, ni jina lake mwenyewe ndani ya nyumba hiyo. Nyumba kadhaa zenye asili moja hufanya ukoo, ambao vitabu vya sayansi huuita familia. Desturi hii ya majina mawili ilienezwa na Linnaeus, mtu wa Sweden, katikati ya karne ya 18.

Sasa tushuke chini zaidi. Dagaa huyo wa Kigoma anakula nini? Anakula hasa wadudu wadogo wa majini walio jamaa ya kamba. Na wale nao hula nini? Hula vimea vidogo, na vijidudu viitwavyo siliata. Siliata ana chembe moja tu ya mwili. Hana mfupa wala damu. Mwilini mwake mna vinywele vifupi, na kwa kuvipiga-piga huogelea na kujisukumia chakula kinywani. Ukiwapanga siliata ishirini au thelathini wa aina tutakayoitaja, ndipo watimize milimita moja. Wale waishio katikati ya maji, wakichukuliwa na mkondo, huhesabiwa pamoja na planktoni, yaani viumbe vinavyoelea.

Mtu wa kwanza kuviona vijidudu vya namna hii alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Uholanzi, jina lake Leeuwenhoek. Alisaga vioo vyake mwenyewe. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa akaona viumbe vinacheza ndani yake, akawaandikia barua wataalamu wa London. Mambo yale yalikuwa magumu kuaminiwa. Hata Linnaeus, aliyepanga miti na wanyama wa dunia nzima, alishindwa na hawa. Katika kitabu chake cha mwaka 1767 aliwatia baadhi yao chini ya jina Chaos, maana yake fujo. Ndivyo afanyavyo karani mwenye barua nyingi asizojua pa kuziweka!

Müller wa Denmark ndiye aliyeanza kuitoa fujo ile. Alichora mamia ya vijidudu akavipa majina, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1786, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kisha Ehrenberg wa Berlin, mwaka 1838, akatoa kitabu kikubwa chenye picha nzuri mno. Aliwalisha vijidudu rangi ya nili, akaona madoa mengi ya nili mwilini mwao, akasema kila doa ni tumbo. Basi akawaita wenye matumbo mengi. Mwaka 1841 Dujardin wa Ufaransa alionyesha kwamba hayakuwa matumbo. Yalikuwa matone ya chakula tu ndani ya chembe. Ukoo mzima ulikuwa umejengwa juu ya matumbo yasiyokuwapo.

Mwaka 1859 Claparède na Lachmann waliandika jina tutakalolishika hadi mwisho wa somo: Strombidium. Limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya pia, ile wanayochezea watoto, kwa kuwa kijidudu hiki kina umbo la pia. Wengine waliotajwa na mabwana hao ni tintinidi, wanaopatikana katika bahari zote, na yetu pia. Tintinidi hujijengea kijumba mfano wa kengele na kukaa ndani yake. Wataalamu waliwapenda sana, kwa sababu kijumba hubaki hata mwenyewe akifa. Mwaka 1929 Kofoid na Campbell, huko Kalifonia, waliwapanga wote katika koo na jenasi kwa kutazama vijumba. Kazi yao ilikuwa kubwa na ingali inatumika. Lakini kijumba ni kama kanzu. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba tintinidi wa jenasi Favella, akitoka katika kijumba chake, aweza kujenga kingine chenye umbo la jenasi Coxliella. Je, akikuona leo na kanzu na kesho na suruali, karani akuandike watu wawili?

Ikiwa wenye kanzu walileta taabu hiyo, fikirini wasio na kanzu. Strombidium hana kijumba, na hapo ndipo historia hii inapofika kwetu.

Reli ipitayo hapo Gongo la Mboto ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla reli haijaanza, mwaka 1904, Mwingereza Cunnington alikwenda Ziwa Tanganyika kukusanya viumbe vya majini. Vimea vidogo alivyoleta vilielezwa na West katika taarifa ya mwaka 1907. Lakini siku zile planktoni ilivuliwa kwa wavu mwembamba wa hariri, kisha ikatiwa dawa ya kuhifadhi. Siliata aliye uchi hupenya katika matundu ya wavu. Akinaswa, mara nyingi dawa humpasua. Kilichobaki katika chupa ni vyenye magamba na vyenye maganda.

Njia iliyo bora ni kuchota maji yenyewe, kutia iodini, kuacha vyote vitulie chini, kisha kuhesabu kwa hadubini. Mwaka 1975 maji ya Tanganyika yalichunguzwa upya, na matokeo yakatolewa mwaka 1981 na Bwana Robert Hecky na Bibi Hedy Kling, waliofanya kazi Kanada. Walikuta siliata wenye umbo la pia, wengi mno, hata mara nyingine uzito wa vijidudu ulilingana na uzito wa vimea vyote vidogo vinavyoelea. Tena pia hizo zilikuwa na rangi ya kijani. Ndani ya mwili wa kila mmoja mliishi vimea vidogo, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao.

Oneni uzito wa jambo hili. Aliyemwandika siliata katika daftari la wanyama walaji alikuwa amekosea nusu, maana mlaji huyu amebeba shamba tumboni. Wakati ule ule wataalamu walikuwa wakishangaa jinsi ziwa lenye maji safi na vimea haba linavyotoa samaki wengi. Sisemi siliata peke yake ndiye jibu. Lakini hesabu ya chakula cha ziwa iliyomwacha nje ilikuwa na pengo.

Hecky na Kling walimwandika Strombidium cf. viride. Neno viride ni Kilatini, maana yake kijani, na jina hilo alilitoa Stein wa Praha mwaka 1867. Hizo herufi cf. ni ufupisho wa neno la Kilatini lenye maana ya linganisha: wanasema anafanana na yule wa Ulaya, lakini hawakuapa kwamba ndiye. Napenda uaminifu wa herufi mbili hizo.

Naye yule wa Ulaya hakutulia. Tangu miaka ya 1920 watu wamejua kupaka siliata madini ya fedha ili mistari ya vinywele vyao ionekane wazi. Kwa kutazama mistari hiyo, Krainer wa Austria mwaka 1995 alimhamishia katika jenasi mpya ya maji baridi, Limnostrombidium. Ukoo ulibaki ule ule, Strombidiidae. Siku hizi wataalamu husoma pia vinasaba, na nyumba kadhaa zimevunjwa na kujengwa upya. Katika maziwa yetu kazi imeendelea: Mkenya Andrew Yasindi na wenzake walihesabu siliata wa Nakuru, Victoria na Nyasa, wakatoa taarifa zao mwaka 2002 na 2003.

Mwaka huo wa 2003 taarifa mbili za wataalamu zilionyesha kwamba maji ya Tanganyika yanapata joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye mbolea, na chakula cha planktoni hupungua. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei, ili samaki wapate kuzaana. Atakayetaka kujua kama joto linawapunguza wale pia wa kijani hana mahali pa kuanzia ila hesabu ya mwaka 1975, pamoja na zile herufi mbili, cf.

Sasa futeni ubao, kisha kila mmoja aandike Limnostrombidium viride, na chini yake, kwa maneno yake mwenyewe, neno lipi ni nyumba na lipi ni jina la mwenyewe.