Mvukuto, Mfalme na Mzaha: Asili ya Kitenzi "Fool"

Mwanafunzi wa Kongo hujifunza Kiingereza akiwa amekwisha kujua Kifaransa, na hapo ndipo kitenzi "fool" kinapomnasa. Akiona undugu wake na "fou", hukifasiri kwa wazimu. Undugu huo ni wa kweli. Maana ndizo zilizoachana.

Maneno yote mawili yatoka katika Kilatini "follis", yaani kiriba cha ngozi, hasa mvukuto wa mhunzi. Katika Kilatini cha zama za mwisho likatumiwa kwa mtu ambaye kichwani mwake hamna kitu ila upepo. Kifaransa cha kale kikasema "fol", na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno likavuka bahari pamoja na lugha ya mabwana wapya. (Ile "fou" ya sataranji ina asili nyingine: ni "al-fil" ya Kiarabu, yaani tembo, iliyopotoshwa kwa kufanana kwa sauti.)

Kitenzi chenyewe kilizuka katika karne ya 14, kwa maana ya kutenda kipumbavu. Lakini atendaye kipumbavu si lazima awe mpumbavu. Katika majumba ya wafalme walikuwamo watu wa aina mbili walioitwa kwa jina hilo: waliozaliwa na akili pungufu, na waliojifanya hivyo kwa kazi, wakiruhusiwa kumwambia mfalme jambo ambalo waziri asingethubutu kulitamka. Will Somers, mchekeshaji wa Henry VIII, hukumbukwa hadi leo. Naye Shakespeare alimweka mtu wa namna hiyo kando ya Mfalme Lear. Kwa hao upumbavu ni mchezo, na maana hiyo ya mchezo ndiyo iliyodumu katika kitenzi. Mwishoni mwa karne ya 16 kikapata yambwa, kikamaanisha kumdanganya mtu.

Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa umbo: "pumbaa" na "pumbaza". Kiambishi -z- hufanya kazi ambayo Kiingereza huiachia muktadha. Mtoto hupumbazwa asilie. Mnunuzi hupumbazwa aibiwe.

Basi Mwingereza anaposema "he was only fooling", anamtetea mtu: alikuwa akifanya mzaha tu. Mfasiri anayepitia "fou" humgeuza mtu huyo kuwa mgonjwa.