Kinjeketile wa Mohoro na Kinjeketile wa Jukwaani

Tarehe 4 Agosti 1905, huko Mohoro, kusini mwa mto Rufiji, utawala wa Wajerumani ulimnyonga Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe. Vita vilivyokuja kuitwa Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatimiza mwezi. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu pamba ing'olewe Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa. Boma la Liwale lilikuwa halijatekwa, misheni za Nyangao na Lukuledi katika bara ya Lindi zilikuwa zingali zimesimama, na mapigano makubwa ya Mahenge yalikuwa hayajatokea. Mtu ambaye jina lake limefungamana na vita hivyo kuliko jina jingine lolote hakuviona.

Uhakiki wa tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ungepaswa kuanzia hapo, na mara nyingi hauanzii hapo. Katika tamthiliya, Kinjeketile anaishi hadi vita vimekwisha kushindwa. Yumo kifungoni pamoja na Kitunda, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Katika historia mfungwa wa namna hiyo hakuwapo. Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani hiyohiyo ya kusini, alilijua hilo vyema. Katika utangulizi wake anamtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, ingawa nyuma yake yuko mtu aliyeishi. Tahadhari hiyo husomwa na kusahauliwa. Darasani swali hurudi lilelile: Kinjeketile alikuwa shujaa au mdanganyifu? Swali hilo linaulizwa juu ya mtu aliyechanganywa, nusu yake kutoka Ngarambe na nusu yake kutoka kwenye kalamu ya Hussein, na ndiyo sababu halipati jibu.

Kumbukumbu za wazee zilizokusanywa na G.C.K. Gwassa, na kuchapishwa naye pamoja na John Iliffe mwaka 1968, zinatoa picha ya mtu aliyepagawa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa hadi majini, akazama, na akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Zinaeleza dawa yenyewe: maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Zinaeleza pia jambo ambalo wahakiki wa fasihi wamelipita haraka mno. Habari ile ilienezwa kwa kunong'onezana, kwa njia ya siri iliyoitwa njwiywila, na aliyetaka kuisikia alilipa pesa moja. Neno lilikuwa na bei. Aliyetoa pesa yake ili aisikie ahadi hakuwa msikilizaji tu; alikuwa amekwisha kuingia katika jambo lenyewe, na asingeweza kurudi nyumbani akajifanya hakusikia kitu.

Hussein hakuwa mwandishi wa kwanza wa pwani hiyo kuvitungia vita hivyo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, ambao A. Lorenz aliuchapisha mwaka 1933 na W.H. Whiteley akautoa upya mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Anayeufikia utenzi huo akitafuta mhusika mkuu hatampata. Vita vinatazamwa kutoka mjini. Habari zinafika kutoka bara, viongozi wanatajwa, wanapigana, wanakamatwa, wanahukumiwa. Hakuna hata mmoja anayefunguliwa kifua tukaona kilichomo. Yako maelezo mepesi, kwamba utanzu wa utenzi hauna nafasi ya nafsi ya mhusika. Maelezo hayo hayasimami. Liyongo wa tenzi za kaskazini ana nafsi, ana uchungu wa kusalitiwa na mwanawe mwenyewe, na mizani minane haikumzuia mtunzi kuuonyesha. Sababu iko kwingine. Mtunzi wa Lindi ni mtu wa mji wa bandari anayewatazama watu wa bara, na anatunga chini ya dola iliyokwisha kuonyesha inavyowafanya wapinzani wake. Kilwa Kivinje, mahali aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, panaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo.

Je, mtunzi alikuwa kibaraka? José Arturo Saavedra Casco, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alitahadharisha dhidi ya kuzisoma tenzi za wakati huo kama sifa za kumsifu mtawala na hakuna zaidi. Tahadhari hiyo ni ya haki. M.G. Vassanji naye aliuhisi uzito wa hali ya mshairi wa aina hiyo alipomweka mtunzi mzee wa Kilwa ndani ya riwaya yake The Magic of Saida (2012). Hata hivyo, umbali kati ya mji na bara haufutiki kwa huruma ya msomaji. Umo ndani ya utenzi, na umo pia, kwa namna isiyotarajiwa, ndani ya tamthiliya.

Umo pale panapotajwa Seyyid Said. Kinjeketile, akiwa amepandwa na pepo, anawaahidi watu ushindi na maji, kisha anaongeza kwamba baada ya ushindi watakuwa wana wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema, anashituka. Wapo wanaolisoma tukio hili kama pambo la kisaikolojia: mganga ameanza kuishuku kazi yake. Lakini ni lazima lisomwe na mtu anayeijua Kilwa Kivinje. Mji huo katika karne ya 19 ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na ulikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotoka bara, miongoni mwao watu wa nchi zilezile zilizokuja kunywa maji. Seyyid Said alikuwa amefariki tangu mwaka 1856, lakini jina lake lilibaki kuwa jina la dola. Kumwambia Mngindo kwamba atakuwa mwana wa Seyyid Said ni kumwahidi kwamba akimtoa Mjerumani atarudi kwa bwana aliyemtangulia. Jina hilo limo pia katika kumbukumbu za wazee, wala Hussein hakulibuni. Alichokibuni ni mshituko. Amemfanya Kinjeketile alisikie neno lake mwenyewe kwa masikio ya wale litakaowaumiza. Mwandishi wa pwani amempa mtu wa bara haki ya kulishuku jina la pwani, na hapo ndipo tamthiliya inapoupita utenzi kwa mbali.

Kuanzia hapo mgogoro wa Kinjeketile si na Mjerumani peke yake. Ni na neno ambalo limekwisha kumtoka na halimtii tena. Anataka watu wangoje, wafunzwe, waungane kwanza. Wao wana maji, na hawaoni cha kungojea. Kitunda, aliye mpiganaji na mpangaji, amechorwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye hesabu ya watu watakaokufa. Wahusika wanawake hawakupata bahati hiyo. Mazungumzo yao ya mwanzo kuhusu njaa ndiyo yanayoifungua tamthiliya, na ni mazuri. Baadaye wanaachwa kando, jambo linalosikitisha, kwa sababu njaa ndiyo iliyoua wengi zaidi vita vilipokwisha. Taarifa za Wajerumani zilihesabu vifo 75,000. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000.

Katika onyesho la mwisho Kitunda anamsihi Kinjeketile akiri. Hoja yake si ya woga: maji hayakuzuia risasi, na kila mmoja ameona. Kinjeketile anakataa, kwa sababu kukiri leo ni kumpa mtawala kauli atakayowasomesha watoto kesho, kwamba wazee wao walikosea kupigana. Anajua kwamba maji hayakuwa kweli, na anajua kwamba kusema hivyo mbele ya afisa kutakuwa uongo mkubwa zaidi. Anayeuliza kama huyu ni shujaa au mdanganyifu amekwisha kulipita onyesho lenyewe. Na ili tukio hili liwezekane, Hussein hakuwa na njia ila kuisogeza tarehe ya kifo. Kinjeketile aliyekufa mwanzoni mwa vita asingeweza kuulizwa swali hili.

Hata hivyo, kauli moja ya mganga aliyenyongwa Mohoro imehifadhiwa, japo kwa mkono wa waliomwua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akienda kufa aliwaambia kuwa kumnyonga hakutawasaidia kitu, kwani dawa yake ilikuwa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.